YAH: KRANKSHAFTI YA KUSUBU MLIYONIUZIA KWA JINA LA YA KUFULIWA

Kwa Meneja,

Salamu. Masharti yenu ya mauzo mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia. Risiti yenu inasema injini mliyoniuzia, iliyotoka kwenye gari la ajali, ina krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) ya kufuliwa, yaani iliyopigwa na kukandamizwa ikiwa chuma cha moto. Iliyomo ni ya kusubu, yaani ya chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu.

Sikubahatisha. Shafti ya kufuliwa huachwa na alama pana ubavuni, pale chuma kilichofurika kati ya kalibu kilipokatwa na kusagwa. Yenu ina mstari mwembamba usiofika milimita 2, ule wa maungio ya kalibu ya kumiminia. Nikaining'iniza kwa kamba, nikaigonga kwa nyundo ndogo. Ya kufuliwa hulia kama kengele na mlio ukakawia. Hii ilitoa kishindo kifupi ikanyamaza. Fundi akaigusisha jiwe la kusagia, cheche zikatoka fupi na nyekundu, si zile ndefu, nyeupe, za feleji.

Haya yote nilimweleza mkuu wenu wa kaunta kwa upole. Akaisukuma shafti kwa kiatu. "Chuma ni chuma, mzee," akasema, akamwita mteja mwingine.

Mnadai dhamana imekufa kwa kuwa nilifungua injini. Hilo mlinieleza kwa simu kabla hata sijafika kwenu. Naomba kuelimishwa: bila kushusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, krankshafti huonekana kwa miwani gani? Na siku ya kununua nilimuuliza muuzaji wenu mara mbili, kwa sababu naifungia turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi injinini. Akaapa kwamba mmeikagua. Injini ya kawaida hutembea miaka na shafti ya kusubu, sina ugomvi na hilo. Lakini kwa mapigo ya turbo ndiyo huanza kuchanika kwenye kona za shingo zake, zile sehemu za mviringo zinazozunguka ndani ya beringi.

Nirudi kwenye kile kiatu, maana hakinitoki. Shafti nilikuwa nimeilaza juu ya gunia safi, shingo za beringi zimepakwa oili. Yeye hakuinama. Aliisukuma kwa ncha ya kiatu hadi ikabingirika kwenye saruji, shingo mbili zikachubuka, watu kwenye foleni wakacheka. Kisha akafuta kiatu kwa gunia langu. Gunia langu! "Chuma ni chuma, mzee."

Nilikuja nikitaka kubadilishiwa shafti tu. Sasa siitaki. Nataka fedha yote ya injini, gharama za fundi na gasketi, usafiri wa kuirudisha dukani kwenu, na barua ya kuomba radhi yenye saini ya huyo mkuu wa kaunta, si yenu kwa niaba yake.

Nawapa siku 7 tangu mpokee barua hii. Zikipita, picha za ule mstari, nakala ya risiti na maelezo ya mashahidi wa foleni vitakuwa mezani kwa wakili wangu na kwa mamlaka inayolinda watumiaji, na hapo nitadai pia fidia ya kudhalilishwa. Shafti siiuzi wala siitupi. Ni kielelezo.

Wasalaam,
Mteja wenu