Punguza upepo kidogo, pevingi zina raha yake

Mhariri,

Mtaa wa ndani ukishawekwa vitofali vya zege, au pevingi kama wengi tunavyoziita, hakosi mwendesha baiskeli wa kulalamika kwamba vinamtikisa hadi meno. Sisi mafundi tunaanza kwa kumwangalia pampu yake. Tairi lililojazwa upepo mpaka likawa gumu kama jiwe halimezi kitu, linapeleka kila kiungo cha kitofali mgongoni kwa mwenyewe.

Kwa tairi pana la inchi 26 kwa 2, mtu wa kilo 70 hivi asiye na mzigo anatosheka na paundi 40 nyuma na 35 mbele. Asishuke sana. Tairi likilegea, ukigonga kitofali kilichoinuka rimu inaibana tyubu na kuitoboa mara mbili, matundu pacha kama meno ya nyoka. Ukiona pancha ya namna hiyo usihangaike kutafuta msumari, upepo ulikuwa mdogo. Muuza mayai mwenye trei kumi kwenye karia aongeze hadi 50 nyuma, ila asivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Chini ya trei ya kwanza akunje sponji, na afunge kwa mipira ya tyubu kuukuu. Kamba ya katani inalegea trei zikishashindiliwa na mtikisiko, mpira unazifuata.

Mtikisiko huohuo hufungua nati. Kila wiki pitisha spana kwenye karia na madigadi, kisha minya spoku mbilimbili kwa vidole: iliyolegea inajulikana mara moja. Nati ya karia iwekewe washa ya springi, ile pete ya chuma iliyokatwa inayoizuia isijifungue.

Barabarani, kunja viwiko, shika usukani bila kuukaba, weka gia nzito kidogo na uache miguu ibebe uzito badala ya kiti. Katika mashindano ya Paris–Roubaix nchini Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1896 na yenye zaidi ya kilomita 50 za barabara za mawe, waendeshaji hupenda kupita mgongoni mwa barabara, katikati, kwa sababu pembeni pamezama kwa magurudumu. Kwetu pia katikati ndiko kwenye nafuu, ilimradi hakuna bajaji nyuma yako. Kwenye kivuli cha mwembe, kitofali chenye ukungu wa kijani baada ya mvua kinateleza kama sabuni. Hapo usikate kona huku umeshika breki ya mbele.

Mtaa uliopangwa vizuri una utamu ambao lami haina. Tairi linavuma kwa sauti moja, ya chini, na sikio linakuambia hali ya njia kabla ya jicho. Mvumo ukikatika kwa "kok", umepita juu ya kitofali kinachocheza. Siku ya mvua utakiona: gari likikikanyaga, maji ya tope yanaruka kutoka kwenye viungo vyake. Maji hayo yanatoka na mchanga wa chini, kwa hiyo kila gari linalopita linachimba shimo zaidi.

Lawama yetu kubwa tunaielekeza kwa wanaochimba kupitisha mabomba na nyaya. Wanafukia udongo kwa koleo, wanarudisha vitofali juu yake, wanaondoka. Masika ya kwanza, pale panabonyea kama sahani. Udongo urudishwe kwa matabaka na kila tabaka lishindiliwe. Juu yake uwekwe mchanga wa sentimita 3 tu, maana ukizidi kitofali kinazama. Vitofali vipangwe kwa kupishana kama miiba ya samaki, visisukumwe na magari yanaposhika breki, vishindiliwe kwa mashine, na mchanga mkavu laini ufagiliwe kwenye viungo mpaka vijae. Ukingo wa zege uliovunjwa ujengwe tena, la sivyo safu ya pembeni itasogea na kuzivuta nyingine zote. Penye magari pawekwe vya milimita 80, vile vya 60 ni vya waenda kwa miguu.

Wala halmashauri haihitaji kununua vitofali vipya kwa viraka hivi. Vingi vipo palepale kando ya shimo, watoto wamevipanga kuwa magoli.

Mafundi baiskeli,
Dar es Salaam