Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wa Dwyfor na kura ya bia

Wanachama wenzangu, shikamooni wakubwa, na nyie wengine mambo. Najua wengi mnasomea hii kwenye simu mkiwa kazini kwa hiyo ya hesabu nayamaliza haraka: ada zimeingia vizuri kuliko mwaka jana, mweka hazina ana karatasi zote anayetaka kuziona amfuate, misiba tulikuwa nayo miwili na yote tulichangishana mpaka marehemu wakafika nyumbani, ukumbi umepanda bei. Basi. Sasa nije kwenye lile ambalo nimesemwa mwaka mzima, kwamba mwenyekiti kawabeba watu kutoka Cardiff huku kusini mwa Wales mpaka kaskazini kule kwenda kutazama Dwyfor, halmashauri ya wilaya iliyokufa.

Kwanza kila mtu alijilipia kiti chake. Pili chanzo mnakijua, ni ile vurugu ya sherehe ya Desemba, bia iuzwe au isiuzwe, watu tulioshiba pilau pamoja miaka mingi tukaanza kununiana. Ndio mama mmoja wa kamati akasema jamani hii nchi tunayokaa imegombania pombe zaidi ya miaka 100, kwa nini tusiende kuona walimalizaje.

Na kweli. Mwaka 1881 Bunge la London lilipitisha sheria ya kufunga baa Wales nzima siku ya Jumapili, na kwa karne nyingi kabla ya hapo hapakuwa na sheria ya Wales peke yake, walikuwa wanahesabiwa pamoja na Uingereza tu. Wenye makanisa walifurahi, wenye kiu wakatafuta njia, maana sheria haikugusa klabu za wanachama, basi klabu zikaota kama uyoga, halafu msafiri wa kweli alikuwa anaruhusiwa kuuziwa, na msafiri maana yake aliyetoka umbali wa maili 3, kwa hiyo mtu anatembea maili 3 mguu kwa mguu Jumapili ili awe msafiri 😂 huyo kweli ana kiu.

Mwaka 1961 serikali ikasema haya amueni wenyewe, kila baada ya miaka 7 wapiga kura 500 wa eneo wakiomba, kura inapigwa, baa zifunguliwe Jumapili au zisifunguliwe. Hapo ndio inaingia Dwyfor. Tarehe 1 Aprili 1974 Wales iligawanywa upya, mikoa 8 na wilaya 37, na Dwyfor ikawa moja ya hizo wilaya, ndani ya mkoa wa Gwynedd, makao Pwllheli, wameunganisha Pwllheli, Criccieth, Porthmadog na vijiji vya rasi ya Llŷn mpaka Aberdaron ambako nchi inaishia baharini. Jina ni la mto. Kuna Dwyfor mkubwa na Dwyfach mdogo, na pembeni ya huo mkubwa, pale Llanystumdwy, ndio kalala Lloyd George aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 1916 mpaka 1922, kaburi lenye jiwe kubwa ambalo inasemekana alipenda kulikalia. Tulisimama pale mvua inanyesha, hakuna aliyeongea, hata wale vijana wetu.

Sasa kura. 1975, 1982, kila raundi wilaya zinafungua moja moja, ikifika 1989 Wales nzima imebaki Dwyfor tu ambako Jumapili baa zimefungwa. Kavu! Siku tuliyofika Porthmadog tulimkuta mzee kakaa kwenye benchi na mbwa wake, tukamuuliza, akanyoosha fimbo kuelekea lile tuta refu linalokata mdomo wa mto, lile ambalo mwenye ardhi mmoja wa zamani, Madocks, alilijenga likaisha 1811, akasema ng'ambo ile ilikuwa wilaya ya Meirionnydd, kule Jumapili unakunywa, huku hunywi, na gari zilikuwa zinajulikana zinakwenda wapi. Akacheka mpaka mbwa akaamka. Kumbe hata mpaka wa wilaya una faida zake.

Halafu tarehe 1 Aprili 1996 halmashauri ikafutwa, wilaya zote 37 na mikoa 8 vikaondoka zikaja mamlaka 22. Dwyfor ikaunganishwa na wilaya jirani za Arfon na Meirionnydd, na hapa nilicheka peke yangu kwenye basi, hiyo mamlaka mpya ilizaliwa na jina refu la Caernarfonshire na Merionethshire, kesho yake tu tarehe 2 wakalibadilisha wakarudi Gwynedd. Siku moja! Sisi jina la chama tulibishana miezi minne. Na mwaka huohuo eneo la Dwyfor likapiga kura tena, safari hii baa zikafunguliwa.

Kilichonigusa mimi zaidi lakini ni lugha. Sensa ya 1991 ilikuta karibu watu watatu kwa kila wanne Dwyfor wanaongea Kiwelisi, na mpaka leo ukiingia dukani Pwllheli unasalimiwa kwa Kiwelisi kwanza, watoto wadogo wanagombana kwa Kiwelisi, wakati wa kwetu ukiwaambia "njoo ule" wanajibu kwa Kiingereza (na wangu wamo, simsemi mtu).

Safari yenyewe ilikuwa na shida zake, basi lilichelewa saa nzima na nusu, tuliolikodi kwao tumewaandikia na hawajajibu. Wanaouliza kwa nini hatukupanda treni, treni ya Pwllheli kutoka kwetu inakupitisha Shrewsbury, yaani unatoka Wales kwenda Wales kupitia Uingereza.

Tuliporudi kamati ikaleta pendekezo na mkutano mkuu ukalipitisha: kura ya siri, halafu hilo suala halifunguliwi tena mpaka miaka 7 ipite na wanachama 10 wawe wamesaini. Kura zilikuwa 23 kavu, 17 bia. Kwa hiyo Desemba hii ni juisi ya ukwaju na tangawizi, wali unapikwa na zamu ya akina baba, na baa ya pale kona haijafungwa, anayetaka atoke taratibu bila kubamiza mlango kama mwaka jana.

Sufuria kubwa mbili bado ziko kwa mtu. Azilete kabla ya tarehe 10.