Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tuhamie Kwenye Kamati

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Mambo ya fedha na uchaguzi nimeyaweka mwishoni na nimeyafupisha, kwa sababu kuna jambo moja ambalo kamati tendaji imelizungumza karibu kila ilipokutana. Tunapeleka watu wengi mahali uamuzi wa nyumba na ardhi unapotangazwa, yaani kikao cha baraza kamili la madiwani, na wachache mno mahali unapofanywa, yaani kwenye kamati za baraza.

Mnajua kikao cha baraza kamili kilivyo. Ukumbi umejaa, waandishi wapo, madiwani wanasimama mmoja mmoja kutetea kata zao. Sisi nasi tunajipanga viti vya nyuma na mabango yetu, tunapiga makofi, tunaguna. Lakini jambo likifika pale, mchuzi umeshaiva. Kilichobaki ni kupakua. Maofisa wameshaandika mapendekezo, kamati ya mipango miji imeshayapitisha, na madiwani wameshaelewana nani anapiga kura upande gani.

Tuliliona hilo waziwazi katikati ya mwaka. Kwenye ajenda kulikuwa na orodha ya mambo yasiyo na ubishi, yale yanayopitishwa kwa mkupuo bila mjadala: kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, kuongeza muda wa mkataba wa usafi, kubadili jina la barabara. Katikati yake palikuwa na mstari mmoja tu, “marekebisho ya matumizi ya kiwanja,” pamoja na namba ya kiambatisho. Mwanachama mwenzetu mmoja, ambaye kusoma makabrasha ndiyo kazi yake ya mchana, alikifungua kiambatisho hicho usiku wa kuamkia kikao. Kumbe kiwanja chenyewe ndicho chenye yale majengo ya zamani ya kupangisha, na marekebisho yangemruhusu mmiliki kuyageuza kuwa vyumba vya wageni wa siku mbili tatu. Asubuhi tukampigia simu diwani wa kata. Akaomba jambo hilo litolewe kwenye orodha lijadiliwe peke yake, kama kanuni za baraza zinavyomruhusu, nalo likarudishwa kamatini. Bado lipo huko, kwa hiyo mtu asiseme tumeshinda. Tumepata muda.

Na muda si kitu kidogo. Sheria ya vikao vya wazi ya California, Brown Act ya mwaka 1953, inataka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla. England makaratasi ya kikao yanatakiwa kuwa wazi kwa umma siku tano kamili kabla, na tangu 2014 mwananchi ana haki ya kurekodi kikao. Kenya nako, Ibara ya 196 ya Katiba ya 2010 inalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Saa 72 kwa kabrasha nene lililojaa ramani na majedwali ni chache, tena chache sana, lakini ni afadhali kuliko kugawiwa makaratasi mlangoni. Ndiyo maana tumeunda kikundi cha wasomaji: ajenda ikitoka, wanagawana viambatisho jioni hiyohiyo.

Kilichowatoa jasho wasomaji wetu ni hesabu za waendelezaji, yaani wanaojenga nyumba kibiashara. Mchezo wenyewe unakwenda hivi. Mwendelezaji anapoomba kibali huahidi kwamba sehemu ya nyumba zitakuwa za watu wa kipato cha chini. Kibali kikishatoka, anarudi na barua: gharama za ujenzi zimepanda, riba imepanda, mradi haulipi mpaka idadi ya nyumba hizo ipunguzwe. Barua inaambatana na jedwali ambalo diwani wa kawaida hana muda nalo. Wasomaji wetu sasa wanaanzia kwenye mistari miwili, bei ya ardhi na faida. Bei ya ardhi ikichukuliwa kama kitu kisichogusika, basi kitakachokatwa siku zote ni nyumba za wanyonge. Lakini mnunuzi aliyejua masharti ya kiwanja alipaswa kuyapigia hesabu kabla ya kulipa. Mwongozo wa mipango wa England unasema wazi kwamba bei aliyolipia mtu ardhi si sababu ya kukwepa masharti, na tangu 2018 hesabu hizo zinatakiwa kuwekwa wazi. Mwongozo huohuo unaona faida ya asilimia 15 hadi 20 ya thamani ya mradi kuwa inafaa. Binafsi naiona ni nono, lakini angalau ni kipimo ambacho diwani anaweza kukishika mkononi anapouliza swali.

Ulizeni pia unafuu wa nyumba unapimwa kwa nini. England, aina moja ya upangaji iliyoanzishwa 2011 inaruhusu kodi kufika asilimia 80 ya kodi ya soko. Marekani, kipimo kilichozoeleka ni kwamba kaya isitumie zaidi ya asilimia 30 ya kipato chake kwa makazi. Soko likipaa, kipimo cha kwanza kinapaa nalo, na mshahara wa mpangaji unabaki palepale.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu halitawafurahisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipopitia kumbukumbu za vikao vya mipango miji vya jimbo la Massachusetts, Marekani, waliona wazungumzaji walikuwa zaidi wanaume, wenye umri mkubwa na wenye nyumba zao, na wengi wao walisimama kupinga ujenzi mpya. Tazameni safu zetu za nyuma mniambie kama tuko tofauti sana. Anayefanya kazi za usiku au mwenye watoto wachanga haji saa kumi na moja jioni kusubiri zamu yake. Kamati tendaji imeomba wananchi waruhusiwe kuwasilisha maoni kwa maandishi na yasomwe kwenye kikao. Hatujajibiwa.

Walipopata nafasi, wapangaji walizungumza vizuri kuliko sisi wazoefu. Mama mmoja alipewa dakika tatu kuhusu ukuta wake unaovuja. Hakulalamika hata kidogo. Alisoma tarehe za barua zake za kuomba matengenezo, moja baada ya nyingine, akakaa. Mwenyekiti wa kamati akamgeukia ofisa wa nyumba, na ofisa hakuwa na tarehe hata moja ya kujibu. Matengenezo yameanza. Mwenye shida ya nyumba aandike na abaki na nakala. Wakazi wa Grenfell Tower, jengo refu la makazi jijini London, walieleza hofu yao ya moto kwa miaka kabla ya jengo hilo kuungua tarehe 14 Juni 2017, na watu 72 wakafa. Maandishi yao hayakuwaokoa, lakini uchunguzi ulipofanyika ilionekana wazi nani alionywa na lini.

Fedha: ada zinatosha uendeshaji, hazitoshi kumlipa mwanasheria. Mweka hazina atasambaza hesabu zilizokaguliwa kabla ya mkutano mkuu. Uchaguzi: nafasi ya katibu msaidizi iko wazi, na fomu zipo kwa katibu.

Mwaka ujao napendekeza kila kamati ya baraza inayogusa nyumba na ardhi iwe na wanachama wawili wa kuifuatilia, mmoja akiwa mpangaji. Kamati ya mipango miji ndiyo yenye kazi nyingi na vikao virefu, na huko ndiko tunakopungukiwa watu. Majina yapelekwe kwa katibu kabla ya ajenda ijayo kubandikwa.