Mnunuzi wangu wa Mumbai anataka cheti kisainiwe na mtu wake. Nikubali LC hii (ahadi ya malipo ya benki)?

Ndugu Mshauri,

Shikamoo, kama umri wako unaruhusu. Kama hauruhusu, pokea salamu tu.

Mimi ni mfanyabiashara wa mbaazi huku Masasi. Miaka mingi nilikusanya mzigo wa watu kwa kamisheni. Msimu wa 2024 nikajitosa kusafirisha mwenyewe: kontena mbili, tani 24 kila moja, kwenda bandari ya Nhava Sheva, India. Mnunuzi wa Mumbai alitanguliza asilimia 20. Hati za mzigo zingepitia benki, naye asipewe mpaka alipe salio. Nikaona niko salama, maana bila hati ya shehena hawezi kutoa kontena bandarini.

Kweli hakuzitoa. Meli ilipofika, bei kwao ilikuwa imeanza kushuka, na yeye hakukanyaga benki. Gharama za bandari na za kuchelewesha kontena zikawa zinapanda kila siku, na nauli ya kurudisha mzigo sikuwa nayo. Siku ya 11 akaniandikia, kwa adabu sana, kwamba atalipa nikimpunguzia dola 60 kwa tani. Nikapunguza. Dola 2,880 zikaondoka hivyo. Kumbe benki ilikuwa tarishi tu, haikunidhamini kwa lolote.

Pigo la pili lilikuwa dola yenyewe. Mnadani nililipa kwa shilingi, Oktoba, dola ikiwa kwenye 2,700. Salio langu, dola 29,376, liliingia Desemba, dola ikiwa imeshuka hadi kama 2,400. Piga hesabu mwenyewe: karibu shilingi milioni 8.8, na hakuna aliyeniibia. Baadaye ofisa wa benki akaniambia ningeweza kufunga bei ya dola mapema. Baadaye!

Sasa amejitokeza mnunuzi mwingine, wa Mumbai hukohuko. Anataka kontena tano na amekubali LC, yaani benki yake iahidi kunilipa nikiwasilisha hati zinazolingana na masharti. Nilifurahi mpaka niliposoma rasimu. Miongoni mwa hati anazodai kuna cheti cha ubora kilichosainiwa na mwakilishi wake, atakayekuja Mtwara wakati wa kupakia. Nimeambiwa kwamba kwa kanuni za UCP 600, zile za kimataifa za LC, benki hukagua makaratasi, mbaazi hazizihusu. Basi bei ikishuka tena na huyo mwakilishi asionekane, mimi nitabaki na mbaazi safi, zilizofukizwa dawa, zenye cheti cha afya ya mimea, na LC isiyonilipa hata senti. Nimependekeza cheti cha kampuni huru ya ukaguzi, mfano SGS. Anasema hiyo ni kumvunjia heshima.

Tena LC yenyewe haijathibitishwa. Benki yangu ya Dar iko tayari kuongeza ahadi yake juu ya ile ya benki ya India, lakini kwa ada, na mnunuzi anasema ada hiyo ni juu yangu.

Kinachoninyima usingizi hasa ni mtaji. Kwenye mnada wa stakabadhi ghalani ukishinda unatakiwa kulipa ndani ya siku chache, wakulima wanasubiri. LC hailipi mpaka meli ipakiwe, hati zikusanywe, kisha benki ichukue hadi siku 5 za kazi kuzikagua. Nilichonacho kinatosha kontena mbili. Benki itanikopesha fedha za kontena tatu zilizobaki, ila inataka nyumba iwe dhamana. Nyumba ni ya marehemu baba na tuko ndugu wanne. Mdogo wangu aliyeko Ndanda amekataa waziwazi. Mama hajasema neno, na hilo ndilo linanitisha zaidi. Nilimuuliza meneja kuhusu ule mfuko wa Benki Kuu wa kudhamini mikopo ya wanaouza nje, akasema ataulizia. Huu ni mwezi wa pili.

Usinione mwoga. Nilikuwepo Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi za nje, na niliona watu wakiuza magunia kwa bei ya kutupa. Mwaka 2025 India iliongeza muda wa mlango kuwa wazi bila ushuru hadi Machi 31, 2026, lakini anayeufungua na kuufunga si mimi.

Naomba unisaidie. Je, kile kipengele cha mwakilishi ni cha kukataa kabisa, au kuna namna ya kukiandika kisininyonge? Ada ya kuthibitisha LC niilipe kwa kupandisha bei ya tani, au nitamfukuza mteja? Au nimwambie kontena mbili tu, atangulize asilimia 40, na nyumba ya mzee tuiache ilivyo?

Rasimu anataka niirudishe Ijumaa.

Mwana wa Mbaazi,
Masasi