Sauti ya mzee wetu wa Ole

Wete, Pemba

Shoga yangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu, dawa ya mguu imemfika. Nilitaka kukupigia simu, lakini jambo lenyewe refu, na huko kazini kwenu hapakosi mtu wa kukukata kauli.

Taarifa ya msiba wa Ole najua ulipata. Lililotokea baada ya hitma hukuambiwa. Yule mjukuu wa mzee, anayesoma sekondari, aliniuliza mbele za watu: wale waliokuja kumrekodi babu, sauti yake wameipeleka wapi? Nikakosa jibu. Unawakumbuka wale wageni. Walikaa barazani kutwa, wakampigisha kibati, ile ngoma yetu ya Pemba ya kujibizana, mpaka kikohozi kikamshika, wakamtaka atie saini karatasi ya ruhusa ya Kiingereza, wakampa fulana na soda, wakenda zao. Hakijarudi hata kipande. Sauti ya mzee imo kwenye kompyuta ya mtu huko, wanawe hawana. Imeniuma, shoga yangu, na bado inaniuma.

Ndiyo nikakukumbuka weye uliyeko Tunguu, hapo Chuo. Wageni wale tutawapata wapi? Lakini SUZA, hicho Chuo Kikuu chenu cha Taifa cha Zanzibar, ni chuo cha umma, kimewekwa kwa sheria ya 1999, na kampasi ya Benjamin Mkapa iko huku huku Pemba. Hicho tuna haki ya kukibishia hodi.

Taarabu ina wenyewe. Kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, cha Culture tangu 1958, na mjini ipo akademi ya muziki, kijana akitaka kupiga kanuni au udi anafundishwa. Mie taarabu naipenda, unanijua. Lakini kibati kina nani? Ngoma ya msewe angalau ile milio ya miguuni huwavuta watoto. Kibati ni maneno: ngoma inalia, watu wanajibizana papo hapo, mbio mbio, huna pa kuchungulia. Ukisita, mwenzio keshakupiga jengine na watu washacheka. Kwa hiyo hata hiyo rekodi ninayoililia haitoshi peke yake. Kijana lazima akae na mzee, ajibiwe, ashindwe, arudi tena kesho.

Basi ombi langu ni hili. Hapo Vuga, TAKILUKI, ile taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni iliyoingizwa SUZA, imewafundisha Kiswahili wageni wa dunia nzima. Wanafunzi wetu wa Kiswahili nao waje kwa wazee, wakisikie Kipemba kikitumika kwa ushindani, si kwenye daftari tu. Wazee walipwe kama walimu. Naam, kama walimu, maana kazi ni hiyo hiyo. Na kila kitakachorekodiwa, nakala ibaki kwa familia na nyengine skulini, kabla gari halijaondoka kijijini. Hili la nakala usiliache likageuzwa "tutawatumia". Tushatumiwa sana.

Wale wazee wawili wa kibati wa Gando bado wana sauti. Mmoja macho yamepungua, ulimi uko pale pale. Juzi kamjibu sheha mpaka sheha kakaa chini. Nimewauliza, wako tayari, ila si msimu wa karafuu, maana hapo hutampata mtu nyumbani. Yule wa Kojani sijamwendea bado, una habari zake na ile kesi ya shamba... tutazungumza ukija.

Sasa niambie: hapo Chuo mwenye kauli ya jambo hili ni nani? Niandike barua rasmi mie, au ipitie kwa sheha ndiyo isikilizwe? Karatasi ya ruhusa haiwezi kuandikwa Kiswahili, mzee akasomewa akaelewa anachokubali? Fungu la kuwalipa wazee lipo, au ndiyo tuanze kulipigania? Na weye mwenyewe unapanda meli lini, maana mama anakuuliza kila Ijumaa? Nijibu upesi, nipate kuwaambia wa Gando neno la uhakika.

Shoga yako