Usimlize mtoto kwa penseli, mpe kwanza maharage achambue

Kila Januari shule zikikaribia kufunguliwa duka letu linajaa wazazi na ombi ni lile lile, dada naomba daftari na penseli, mwanangu ana miaka mitatu na nusu nataka aandike "a" mpaka aijue. Vitu tunauza ndo biashara yetu, ila siku hizi kabla sijafungasha nauliza kwanza, huyo mtoto anaweza kufunga kifungo cha shati mwenyewe? Wengi wanashangaa, kifungo na kuandika wapi na wapi.

Vinahusiana sana. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8, cha mtoto wa umri huo sehemu yake bado ni gegedu laini haijawa mfupa, vidole navyo havijapata nguvu, sasa ukimkalisha na penseli nyembamba saa nzima anaikamata kwa ngumi, anachoka, analia, na wewe unasema mtoto mvivu. Sio mvivu jamani, mkono haujawa tayari. Na akishazoea kushika vibaya kuja kumbadilisha ni kazi kweli kweli.

Kwahiyo nawaambia mwanzie jikoni. Ukichambua maharage mwekee na yeye sahani yake atoe mabovu kwa vidole viwili (kaa naye karibu, watoto hawa hawakawii kuingiza puani), ukikanda unga wa chapati mmegee kidonge afinyange nyoka, ukianika nguo mpe vibanio akubanie soksi zake kwenye kamba. Herufi aichore kwa kidole kwenye mchanga au kwenye sinia lenye unga, kubwa kabisa, akikosea anafuta anaanza upya na hakuna wa kumgombeza. Baada ya hapo mpe chaki, ila ivunje iwe fupi kama kidole gumba chake, maana kichaki kifupi hakikamatiki kwa ngumi, inabidi tu atumie vidole.

Kitu kingine kinachoniuma ni sauti. Mama anamfundisha "a, e, i", katuni kwenye simu inamwimbia "ei, bii, sii", mtoto anabaki hajui ashike lipi. Kiswahili kimetupa bahati, irabu ni 5 na zinasomeka vile vile popote ulipo, anza na hizo, mkiwa mnaenda gengeni muulize embe linaanza na sauti gani, na ukwaju je? Akizijua ndo unaleta ma me mi mo mu, siku akigundua mwenyewe kuwa ma na ma ni mama utaona hilo tabasamu. Usiku mtegee vitendawili. Simu ipunguze, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema watoto wa miaka 2 mpaka 4 wasizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na wakipata pungufu ni bora zaidi.

Sisi tumetengeneza boksi la kuanzia, lina kibao, chaki nene, herufi za mbao na vizibo vya soda tulivyovipaka rangi na kuandika namba 1 mpaka 10. Jumamosi asubuhi njoo na mtoto, tunakaa nusu saa nakuonyesha namna ya kutumia, hilo hatuchaji. Ila kama nyumbani una maharage na sinia anza leo leo, boksi utakuja kuchukua hata mwezi ujao.