Rehema, mbona kimya?

Nyakato, Mwanza
Jumapili jioni

Rehema wangu,

Mwangaluka. Huku wazima. Mama bado analalamikia goti, lakini Mwaloni, sokoni kwa samaki, anakwenda kila Jumamosi kuchagua dagaa kwa mkono wake, haamini mtu. Deo amerudi Ukara. Sato amepanda bei, tunakula furu.

Mara tatu nimekuandikia kwenye simu nikafuta. Leo nasema yote.

Kuna mama anakuja zahanati kwetu tangu Machi. Kichwa, tumbo, mwili kuwaka moto, moyo kwenda mbio. Tunampima malaria, hana. Tunampa parasetamoli, anaondoka. Mara 5, Rehema! Daftari lake la matibabu limejaa mwandiko wangu mimi. Mara ya sita alikaa anakunja ncha ya kanga, anaikunjua, anaikunja tena, nikahisi kuna kitu kimepungua. Mikono yake ilikuwa hainuki dagaa. Mtu anayeanika dagaa miaka yote! Kumbe alishaacha kwenda mwaloni.

Nikafunga mlango nikamuuliza yale maswali mawili ya kwanza ya kupima sonona, ule ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, tuliyofundishwa semina: wiki 2 hizi, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia huzuni, au kukata tamaa? Alinyamaza kwanza, kisha machozi. Tukaendelea hadi yote 9. Alama zake zilifika 19 kati ya 27, na kuanzia 10 tu hupaswi kumwacha mtu aondoke hivi hivi.

Swali la 9 ndilo gumu, la kuwaza kufa au kujidhuru. Wengi tunaliruka tukidhani tutampandikizia wazo. Si kweli, ukimuuliza kwa upole unampa nafasi ya kulitua. Akanijibu, "Nikienda kuteka maji ziwani, siku hizi nasimama sana." Basi. Sikumwachia aende peke yake, dada yake akaitwa, wakaenda hospitali ya Bugando siku hiyo hiyo.

Walimwanzishia fluoksetini, dawa ya sonona, na vidonge anavitunza dada. Wiki ya 2 akataka kuacha: kichefuchefu, halafu haoni nafuu. Nikamwambia sonona haiondoki kama homa, dawa inaweza kuchukua wiki 4 hadi 6 ndipo uione kazi yake, na hata ukipona unaendelea nayo miezi kadhaa, huachi mwenyewe. Mumewe alikuwa anasema amerogwa, mara anasema ni uvivu. Nilimweka kitako, nikamweleza taratibu, sasa ndiye anayemkumbusha tarehe ya kliniki. Kila wiki anakuja tunaongea. Wiki moja tulipanga jambo moja dogo tu: akakae na wenzake mwaloni nusu saa, hata asipofanya kazi.

Alhamisi kaja na harufu ya dagaa. Nilitoka nje kidogo, nikalia.

Lakini mara 5 zile haziniachi. Alikuwa mbele yangu, na mimi naandika parasetamoli.

Ndiyo maana nakuandikia. Tangu tumzike baba yako umekuwa mtu wa "niko poa" na "nimechoka tu". Mama Suzi anasema kwaya umeacha, na duka unafungua saa 5. Nimeyasikia yote hayo, na nimekaa nayo miezi miwili bila kukuuliza lolote. Sitaki na wewe nikufanyie vile.

Unalala, Rehema? Unakula? Bado kuna kitu unakifurahia, hata redio yako ile? Wiki hizi 2, siku ngapi umeamka ukaona hakuna sababu ya kutoka kitandani? Umewahi kuwaza bora usingekuwepo? Nijibu kweli, sitashtuka wala sitamwambia mtu bila wewe kujua, ila nikiona uko hatarini nitamwita kaka yako, hilo nakwambia mapema. Kwenye kituo cha afya huko Geita kuna mtu unayemwamini, au nije twende wote?

Daraja la Kigongo–Busisi lipo sasa, hakuna tena kungoja kivuko. Jumamosi niko huru. Jumatano saa 2 usiku nitapiga, pokea hata kama huna la kusema.

Wako,
Leticia